Serikali ilikuja kutuomba dua ya mashujaa wa Maji Maji, bibi mmoja akasema babu yake hajaswaliwa bado

Wakuu, kila mmoja apokee salamu kwa namna ya kwao.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kichwani, na huku kijijini nimeshaliongea na kila mtu mpaka wananikwepa.

Nilichokiona nitasema nimekiona. Nilichosikia nitasema nimesikia. Elimu yangu ni darasa la saba na madrasa, mambo ya fiqhi, yaani sheria za dini, naokota tu kwa wakubwa. Mwenye kujua zaidi anirekebishe, sitanuna.

Majina nimebadilisha. Wenyewe wapo hai na wengine wana simu.

Mimi ni mtu wa Kibiti. Ukifika Bungu unaacha lami, unaingia ndani upande wa baharini, mwendo wa bodaboda mpaka mgongo uume kidogo, hapo ndipo kwetu. Natengeneza baiskeli na kuchaji simu za watu. Pia ni katibu wa kamati ya msikiti. Si kwa elimu, ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Sasa nianze na kaburi, maana bila kaburi hamtaelewa.

Nyuma ya mikorosho ya kijiji, nje kabisa ya makaburi yetu ya Kiislamu, kuna kaburi moja peke yake. Halina hata jiwe la maana. Kila mtoto wa huku anajua ni la Athumani, mkata boriti. Alikuwa mtu wa visiwani huko delta, wa kukata mikoko, akapanda huku juu kuoa.

Ninachosema hapa nimesikia. Wakati wa vita vya Maji Maji, watu walipokuwa wameshachoka na shamba la pamba la lazima, maji yale ya dawa yalifika na huku. Mnajua habari yake: ukinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Wengine walikunywa, wengine hawakunywa.

Baadaye askari wa Mdachi wakaja pamoja na akida, mtawala wa eneo waliyemweka wao. Akida huyu alikuwa Muislamu, anaswali safu ya mbele msikiti huohuo wetu, enzi hizo ni wa miti na udongo. Athumani akashikwa kwamba kanywa maji. Wakamnyonga mchana mbele ya watu.

Alipokwisha kufa, akida akatoa amri. Aliyekunywa maji katoka katika dini. Haoshwi, havikwi sanda, haswaliwi, na kwenye makaburi ya Waislamu haingii.

Mwalimu wa msikiti, imamu wa enzi hizo, alikuwepo. Hakusema neno.

Nduguze wawili Athumani wakamfunga kwenye jamvi wakamzika pale alipo mpaka leo.

Kama alikunywa kweli au hakunywa, sijui. Huku kuna kauli mbili. Moja inasema alikunywa kama wengi. Nyingine inasema alikuwa kagombana na mtu wa akida juu ya mpaka wa shamba, akasingiziwa. Nimewauliza wazee wengi na kila mmoja anaapa. Mimi siwezi kuapa.

Na yule mwalimu nisimhukumu. Vijiji vingine vilichomwa moto vikiwa na ghala za mpunga ndani. Yeye alikuwa na kijiji kizima mgongoni. Labda ningekuwa mimi ningenyamaza zaidi yake.

Basi, hilo ndilo kaburi.

Mwaka huu akaja afisa kutoka wilayani, kijana wa bara, mpole, anaongea taratibu. Alikuja na mtendaji wa kijiji. Gari la serikali liliposimama mbele ya msikiti, watu waliokuwa barazani wakaanza kuulizana kwa macho. Huku kwetu gari la serikali msikitini halizoeleki, wakuu, na kuna miaka iliyopita halikuwa jambo jema.

Afisa akavua viatu, akakaa kwenye jamvi na sisi. Akasema serikali inataka kufanya siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji wa upande huu, maana watu wakisikia Maji Maji wanafikiri kusini tu. Pale kwenye kaburi la Athumani litajengwa jiwe. Mkuu wa wilaya atakuja. Kutakuwa na hotuba, kutakuwa na ngoma ya kuonyesha jinsi maji yalivyogawiwa, na viongozi wa dini wataomba dua, sheikh na padre.

Maalim Shabani, imamu wetu, akamsikiliza mpaka mwisho. Huyu Maalim ni mtu wa kufikiri kabla hajajibu mpaka mwingine anadhani hajasikia.

Akauliza, "Mnataka tuwaombee kama nani?"

"Kama mashujaa, Maalim. Waliopigania nchi."

"Na hiyo ngoma ya maji, ni kabla ya dua au baada?"

Afisa akatazama simu yake. "Kwenye ratiba ni kabla kidogo."

Mzee Hamisi, mjumbe wa kamati, akakohoa. Mzee huyu anajulikana kwa msimamo. Akasema, "Yaani atoke mganga na ndoo yake aingie Maalim na dua yake. Tutakuwa tumeshirikiana vizuri."

Watu wakacheka, na afisa naye akacheka kidogo, akasema ngoma inaweza kuhamishwa iwe ya mwisho kabisa. Na kweli aliihamisha. Hilo niliseme maana kuna watu wanaopenda kusema serikali haisikilizi.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe nyuma ya ukuta wa msikiti, upande wa wanawake, alikuwa amekaa Bibi Mwanaidi anatusikiliza.

Bibi Mwanaidi ni mjukuu wa Athumani. Baba yake alikuwa mtoto mdogo siku ile ya kunyongwa. Sasa ni mtu mzima sana, anatembea kwa fimbo, lakini masikio yake yanasikia mpaka yasiyomhusu, yeye mwenyewe ndivyo anavyosema.

Akatokea mlangoni. Akamwamkia kila mtu. Halafu akamgeukia afisa.

"Baba, umefanya vizuri kumkumbuka babu yangu. Lakini huyo mtu hajaswaliwa bado. Mwanzo aswaliwe, halafu ndio mje na jiwe na hotuba zenu. Mtu hawekewi jiwe hajaswaliwa."

Afisa hakuelewa. Mtendaji, ambaye ni wa hukuhuku, aliinamisha kichwa, maana yeye alielewa.

Kwa wasio Waislamu nieleze kidogo. Muislamu akifa, walio hai wanadaiwa kwake mambo: kumwosha, kumvika sanda, kumswalia swala ya jeneza, kumzika. Si heshima tu, ni wajibu. Wakifanya wachache wote wanasalimika, wasipofanya hata mmoja wote wana dhambi. Sasa Athumani alipata la mwisho tu, nalo kwa jamvi.

Bibi akasema baba yake alikufa akilisema hilo, na yeye hataki afe akilisema. Akageuka akaenda zake.

Jioni ile kamati ilikaa. Nikisema ilikaa mjue ilikaa na kugombana.

Mzee Hamisi alisema wazi: "Mie sina ubaya na Bibi. Lakini huyu mtu inasemekana kanywa dawa akategemea imkinge na kifo badala ya Mungu. Mshirikina haswaliwi. Mkitaka kumfanyia ubinadamu, jengeni hilo jiwe lenu. Swala tuiacheni."

Mjumbe mwingine akamuuliza, "Wewe hirizi ya mtoto wako wa kwanza ulifungua lini?"

Lakini Mzee Hamisi alijibu vizuri tu: "Niliifungua nilipojua. Yeye hakupata nafasi ya kujua. Basi hukumu yake kwa Mola, si kwangu. Ndiyo maana nasema tusiguse."

Mimi niliona ana hoja. Halafu aliyempinga akasema, nikaona naye ana hoja. Huo ndio ugonjwa wangu, wakuu.

Ikaamuliwa tumpigie sheikh mmoja wa mjini, mtu msomi, ambaye naye alikuwa amealikwa kuja kuomba dua siku ya mkuu. Simu ikawekwa sauti kubwa katikati ya jamvi.

Sheikh akatucheka kwa upole. Akasema jambo hili ni jepesi. Hawa ni watu waliouawa na wasio Waislamu waliovamia nchi yao, kwa hiyo ni mashahidi. Na shahidi kwa madhehebu yetu ya Shafi haoshwi wala haswaliwi, daraja lake limeshamtosha. "Mwambieni bibi afurahi. Babu yake kapandishwa juu ya swala."

Kila mtu akapumua. Hata Mzee Hamisi alinyamaza, ingawa kwa sura sikuona kama amekubali.

Maalim peke yake hakupumua. Lakini akasema twende tukamwambie, tumfikishie kama ilivyosemwa. Tukaenda asubuhi, mimi na yeye.

Tulimkuta Bibi uani anasuka ukili wa mkeka. Maalim akamweleza taratibu, shahidi ni nani, kwa nini haswaliwi, daraja lake kubwa kiasi gani.

Bibi hakusimamisha mikono. Alisuka mpaka Maalim akamaliza.

Akasema, "Kwanza alikuja akida wa Mdachi akamwita kafiri, hakuswaliwa. Sasa amekuja sheikh wa serikali kamwita shahidi, haswaliwi. Mie mjinga, Maalim, nifundishe. Jina gani mtu anaswaliwa nalo?"

Nilitamani kuwa mahali pengine.

Maalim akasema, "Muislamu aliyekufa. Hilo tu."

"Basi babu yangu mpeni hilo."

Njiani wakati wa kurudi ndipo Maalim akanifungulia moyo. Nitayaandika nilivyoyaelewa.

Akasema sheikh wa mjini hakudanganya, ila kaharakisha. Shahidi asiyeswaliwa ni yule aliyefia palepale vitani. Athumani alishikwa, akafungwa, akanyongwa baadaye. Wanazuoni wengi wa kwetu wanasema mateka anayeuawa hivyo anaoshwa na anaswaliwa kama maiti wengine. Kwa hiyo jina la shahidi halimzuii kuswaliwa. Na habari ya kunywa maji haina uthibitisho, na Muislamu hatolewi katika dini kwa "inasemekana".

Nikasema, "Basi tumswalie."

Akasema, "Ngoja. Tatizo si yeye. Tatizo ni sisi."

Kwa Shafi, akasema, kaburi linaweza kuswaliwa, lakini kauli yenye nguvu ni kwamba anayeweza kuliswalia ni yule aliyekuwa Muislamu mkubwa siku maiti alipokufa. Yule aliyekuwa anadaiwa. Sisi siku ile hatujazaliwa. Hatudaiwi, kwa hiyo hatuwezi kulipa.

"Waliodaiwa ni waliokuwepo. Na aliyekuwa mbele yao ni babu mzaa babu yangu."

Hapo nilikumbuka. Kwetu uimamu umekaa nyumba moja. Yule mwalimu aliyenyamaza ni wa ukoo wa Maalim mwenyewe. Wote tunajua, ila hatusemi.

Kuna kauli nyingine, akaendelea, inayoruhusu kuswalia kaburi wakati wowote, hata miaka ipite mingapi. Ipo vitabuni. Lakini wanazuoni wameiita dhaifu. Na yeye maisha yake yote hajawahi kushika kauli dhaifu kwa kuwa inamfaa.

"Nikiishika leo," akasema, "sitajua kama nimeishika kwa ajili ya Mungu, au ya Bibi, au ya kumfutia babu yangu makosa, au ya kumfurahisha mkuu."

Nilimwambia minyororo ya baiskeli naijua, hayo siyajui.

Siku chache baadaye afisa alirudi kujua tumefikia wapi. Mtendaji alikuwa ameshamweleza habari ya swala, na kijana wa watu alikuwa ameguswa kweli. Nilimwona usoni.

Akasema, "Maalim, nimefikiria. Tuiweke swala kwenye ratiba. Mkuu akishafika, kabla ya kufungua jiwe, ninyi mnamswalia mzee mbele ya wananchi. Tutaleta na spika. Itakuwa jambo la kihistoria, serikali na dini pamoja."

Alisema kwa nia njema, wakuu. Wala sikuona hila.

Maalim akamtazama. Akasema, "Mwanangu, mara ya kwanza serikali ilituambia tusimswalie, tukaitikia. Sasa itatuambia tumswalie, tutaitikia. Sisi wenyewe tutasema lini?"

Afisa akasema neno ambalo mpaka leo naliona ni la haki: "Maalim, mimi sijaamrisha. Nimeuliza."

"Ni kweli umeuliza," Maalim akasema. "Yule hakuuliza. Nakushukuru kwa hilo. Na kwa kuwa umeuliza, nakujibu. Dua ya jukwaani nitakuja niombe, ya wote waliokufa. Hiyo ya Athumani usiiweke kwenye ratiba."

"Basi siiweki."

Na hakuiweka. Mtendaji alijaribu kumshawishi Maalim walau wapigwe picha, afisa mwenyewe akamkataza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Maalim alisimama. Hakupanda mimbari, alisimama chini tu kama anayetangaza mbuzi aliyepotea.

Akasema, "Leo baada ya alasiri nakwenda kumswalia Athumani kwenye kaburi lake. Nafuata kauli ambayo wakubwa wameiita dhaifu. Nimejiuliza sana kwa nini, na sijapata jibu safi. Ila nimeona hivi: waliokuwa na kauli yenye nguvu siku ile hawakuitumia. Asiyekubaliana nami asije, na asiyekuja asisemwe."

Akakaa.

Mzee Hamisi alinyoosha mkono akasema mbele ya watu, "Mie siji, Maalim."

"Nimekusikia, Mzee."

Basi, bila ugomvi. Nimeshuhudia misikiti ikigawanyika kwa jambo dogo kuliko hili, kwa hiyo hapo naona tulipata bahati.

Mimi nilikwenda. Nikiulizwa kwa hoja gani, sina. Nilimwona Bibi anapita na fimbo yake kuelekea mikoroshoni, nikafunga banda langu la baiskeli.

Tulijaa safu mbili na kidogo. Kaburi likawa mbele yetu, Maalim mbele, wanawake nyuma kwenye kivuli. Takbira nne, hakuna kurukuu, hakuna kusujudu. Swala ya jeneza ni fupi mno, wakuu. Kilichosubiriwa muda wote ule kilikwisha kabla jasho halijanikauka.

Sasa kuna desturi yetu. Swala ikisha, imamu anageuka anawauliza watu, "Mnamshuhudiaje maiti huyu?" na watu wanajibu, "Mtu mwema." Ndivyo tunavyofanya kila siku hata marehemu awe alikuwa mkorofi kiasi gani.

Maalim akageuka kwa mazoea, akauliza, "Mnamshuhudiaje maiti huyu?"

Kimya.

Hakuna aliyemjua. Hata baba zetu hawakumjua. Kusema mtu mwema ilikuwa kama kusema uongo mbele ya kaburi, na kunyamaza kulikuwa kama kumkataa mara ya pili. Maalim mwenyewe nilimwona kapigwa na butwaa, maana alijisahau.

Mzee mmoja akanong'ona, "Mwulizeni mwenye mtu wake."

Bibi akajibu kutoka nyuma bila kuulizwa mara mbili. "Mie sikumwona. Ila baba kanambia alikuwa hodari wa kukata mikoko, na akimwona mamba anakimbia anaacha na shoka. Mama yake akawa anamfuatia shoka."

Watu walicheka. Pale kaburini, wakuu, safu nzima ilicheka, na Maalim naye.

Akasema, "Basi tunamshuhudia hivyo."

Tukaitika, "Tunamshuhudia."

Nilidhani ndio mwisho. Kumbe Bibi alikuwa na lake.

Alipofika nyumbani akatandika majamvi uani, akawasha jiko la kahawa, akakaa matanga. Siku tatu kamili, kama maiti katoka ndani mwake jana. Alisema mtu akishaswaliwa hana budi kuliliwa, na baba yake hakuruhusiwa kulia hadharani.

Hapo maneno yalikuwa mengi. Vijana walikuwa wanasema wanakwenda kwenye matanga ya vita vya Mdachi. Wengine walikwenda kwa sababu ya kahawa na tende. Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliona haya kusema "pole", nikaona kama naigiza. Siku ya pili nikazoea.

Mzee Hamisi alikuja kila siku. Nilimuuliza mbona swala hukuja. Akanijibu, "Swala ni ya dini, nina shaka nayo sikuswali. Matanga ni ya jirani. Jirani sina shaka naye." Nikaona katika sisi wote huyu ndiye aliyekuwa na msimamo ulionyooka.

Siku ya tatu ya matanga ndiyo ilikuwa siku ya mkuu.

Tenti zilishafungwa mikoroshoni, spika zinalia, watoto wa shule wamepangwa. Katika viti vya mbele kimoja kilikuwa cha Bibi, kimewekewa kitambaa. Mkuu akafika na magari yake. Kiti kikawa kitupu.

Afisa akaja mbio kwangu. "Katibu, bibi yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kwenye matanga, na mfiwa hatoki ndani ya siku tatu kwenda kwenye ngoma.

"Matanga ya nani?"

"Ya babu yake."

Nilimwona anafikiri. Akaenda akamnong'oneza mkuu, na mtendaji akaitwa, akaeleza. Nikajua sasa tutatumiwa askari kumleta, au jukwaani tutasemwa kwamba tumegoma. Nawaambia kweli, hayo ndiyo niliyowaza, na nilikosea.

Mkuu alisimama. Akauliza nyumba iko wapi. Wakaja kwa miguu, yeye, afisa, padre aliyealikwa na wengine, wakipita kwenye vumbi na viatu vyao vizuri. Padre aliniuliza njiani taratibu kama kuna ubaya yeye kuingia. Nikamwambia matanga hayana ubaya na mtu.

Uani mazungumzo yakakoma. Watu wakasogea kuacha nafasi. Mkuu alitafuta kiti kwa macho, hakikuwepo, matangani kwetu watu wanakaa chini. Akavua viatu akakaa kwenye jamvi, magoti yakamsumbua kidogo.

Mtu wake mmoja alitaka kusimama aseme neno la utambulisho. Mzee Hamisi akamvuta shati. "Kaa, mwanangu. Hapa hatutambulishani. Ukija unasema pole."

Mkuu alisikia. Alikaa kidogo kama mtu anayetafuta hotuba mfukoni asiipate. Halafu akamgeukia Bibi, akasema kwa sauti ya kawaida tu.

"Bibi, poleni kwa msiba."

Nimekaa nikajiuliza mara nyingi kama alijua alichokuwa anasema. Kwamba aliyenyonga ilikuwa serikali, si yake, lakini ni serikali, na kwamba hakuna aliyewahi kuja kutoka huko kusema neno hilo. Sidhani alijua. Labda alijua. Siwezi kumsemea.

Bibi akamjibu kama anavyomjibu kila mtu.

"Tumeshapoa, baba. Mpeni kahawa."

Akanywa. Padre akanywa. Afisa yule kijana alikuwa anatazama chini tu. Maalim akasoma Fatiha, tukaitikia, matanga yakavunjwa. Ndipo Bibi akaomba fimbo yake, akaenda nao kwenye jiwe. Hotuba zilikuwa ndefu, ngoma ya maji ikachezwa mwisho kabisa kama tulivyoelewana, dua ya jukwaani ikasomwa. Yote hayo yalikwenda vizuri na sina la kuongeza.

Wakuu, nilichojifunza mimi, na mnaruhusiwa kukipinga.

Serikali ikija msikitini au kanisani kuomba jambo, si lazima iwe adui na si lazima iwe rafiki. Ya Mdachi ilitumia dini kumfunga mtu mdomo hata baada ya kufa. Ya leo ilikuja kwa adabu, lakini hata adabu inaweza kukuchukulia kitu chako ukiitoa ovyo. Naona Maalim alifanya sawa kwanza kumaliza deni la nyumbani, halafu ndio akapokea wageni. Na naona afisa alifanya sawa kukubali kuambiwa hapana. Bila wote wawili lisingefika lilipofika.

Lakini bado nina shaka moja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Swala ile ilisihi, yaani ilikuwa sahihi kisheria, au haikusihi? Mzee Hamisi anasema haikusihi, Maalim anasema Mungu ndiye ajuaye, Bibi halimsumbui kabisa.

Wenye elimu ya dini semeni, na mseme kwa upole, maana Bibi ana wajukuu humu. Na nyie wa Utete, wa Kilwa, wa Songea na kwingine mlikojengewa mawe ya vita hivi: wazee wenu waliokufa namna hii waliswaliwa na nani? Au waliombewa na nani, kama si Waislamu? Nitasoma zote, hata zile za kunisema.